Mfiwa wa Komredi Pamoja

Tulimzika Tusajigwe huko Mbeya siku ya Alhamisi, katika mvua nyembamba ambayo haikumlowesha mtu, ila ilifanya kila kitu kionekane kama kinatazamwa kupitia pazia. Nilikaa mkekani pamoja na binti zake, miguu nimeinyoosha kama desturi inavyotaka, na kwaya ilipoanza kuimba nikajikuta midomo inacheza bila sauti. Watu walidhani ni uchungu na uzee. Uchungu ulikuwepo, na uzee upo, lakini kilichonizuia kuimba ni jina la mtu mwingine. Kwa miaka hamsini na kitu, watu tuliolijua jina hilo katika nchi hii nzima tulikuwa wawili, mimi na yeye. Jeneza liliposhushwa nikatambua kwamba nimebaki nalo peke yangu, nami nina miaka sabini na miwili, na presha.

Mwaka ninaousimulia ni ule niliotimiza miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza chuo cha Biblia nikapelekwa kwenye zahanati ndogo ya misheni, juu kabisa katika milima ya Kilolo, nifundishe watoto shule ya Jumapili na kuandika daftari la wagonjwa. Tusajigwe alikuwa ametangulia miezi mitatu, msichana mwuguzi msaidizi kutoka Tukuyu, mwembamba, mcheshi, anayecheka kwanza na kueleza sababu baadaye. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya zahanati. Kilikuwa na vitanda viwili vya mbao za msindano ambazo zilikuwa bado zinatoa utomvu, dirisha lisilofunga vizuri, na ukuta wa mbao uliotutenga na wodi ya vitanda vinne. Mbao zile zilikauka zikaachana, hivyo kila lililosemwa wodini tulilisikia kana kwamba limesemwa kitandani kwetu. Asubuhi ukungu uliingia kupitia dirishani bila kubisha hodi. Mara nyingi niliamka nikaona chumba cheupe, Tusajigwe hayupo, na kutoka ndani ya weupe ule sauti yake ikisema, "Yustina, amka, maji yamechemka, nimekuwekea viazi." Hata leo nikiwaza juu ya neema huwa naiwaza hivyo, sauti ambayo huioni inatoka wapi, inakwambia chakula kipo.

Ng'ambo ya kilima chetu palikuwa na kambi ya wapigania uhuru. Siku hizi pana uzio, kibao na mtunza lango, na watoto wa shule hupelekwa kwa basi kutazama mabweni, jiko na makaburi. Wakati ule hapakuwa na kibao chochote. Tulijua tu kwamba serikali imewapa mahali vijana kutoka kusini, kutoka nchi iliyoitwa Rhodesia, ili wajifunze vita na kurudi kuikomboa. Walipita zahanati yetu alfajiri wakikimbia na kuimba, na kina mama waliokuwa wakienda shambani walisimama kando na mapanga yao kuwapisha, wakiwasalimu "Kamwene, kamwene," nao wakaitikia huku wanahema. Kila mmoja alikuwa na jina la vita. Komredi huyu, Komredi yule. Majina ya kuzaliwa waliyaacha mpakani, kwa sababu jina likivuja, nyumba ya mama huko nyumbani huchomwa moto.

Waliougua waliletwa kwetu, na ndivyo tulivyopata elimu yetu ya dunia, tukiwa tumekaa vitandani tunamenya njegere, masikio yameelekea ukutani. Walizungumza lugha yao, lakini walipotaniana walipenda kuchanganya Kiswahili walichojifunza jikoni kwa kina mama wa kijiji.

"Wewe juzi umekunywa ulanzi," alisema mmoja, "ukaupigia saluti mgomba."

"Ule mgomba ulikuwa na cheo."

"Cheo gani?"

"Sijui. Lakini ulinisimamia vizuri kuliko wewe."

Tusajigwe alijifunika shuka mdomoni asisikike. Mimi, mtoto wa chuo cha Biblia, nilinuna kwa sababu ya ulanzi, naye akaninong'oneza, "Nyie Wahehe mnanuna hata kwa pombe ya mianzi ambayo hamkuinywa nyie." Kisha tukacheka wote wawili, na upande wa pili sauti moja ikasema taratibu, "Komredi, ukuta una wasichana."

Sauti hiyo ilikuwa ya Komredi Pamoja. Alikuwa ameletwa na kichomi. Baridi ya milima ile wenyeji tunaizoea kwa moto na maziwa ya moto. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye joto na kulala miezi kadhaa porini, ilikuwa inaingia kifuani na kukaa kama mpangaji. Nilipompelekea ugali na maharage aliugusa kwa kidole, akauliza kama unaliwa au unajengewa. Nikamwambia ule ndio ugali. Akasema kwao unaitwa sadza na huwa laini, mama yake huusonga mpaka unang'aa. Alimtaja mama yake kila mlo. Mama husonga hivi, mama huweka mboga vile. Ilifika mahali Tusajigwe akaenda jikoni, akasonga ugali laini kwa unga mweupe uliokobolewa, akamletea. Pamoja alikula akitazama dirishani. "Umekaribia," alimwambia. "Bado kidogo tu." Tusajigwe akamjibu, "Ndaga, asante, baba. Basi pona haraka ukale wa kwenu wenyewe."

Hakupona. Alipata nafuu wiki mbili, akawa anatoka nje kukaa juani kila jua lilipotokea, akinisikiliza nikifundisha watoto nyimbo. Kisha homa ikarudi na nguvu mpya. Siku moja mchana, ukungu umepanda kutoka bondeni mpaka tukawasha taa saa nane, alituita wote wawili. Alizungumza kwa vipande. Alisema haogopi kufa, ila anaona aibu, ametembea nchi mbili kuja kufa kwa baridi kabla ya kufyatua risasi hata moja. Tukamwambia hakuna aibu mbele za Mungu. Halafu akasema: "Naitwa Tapera. Maana yake tumekwisha. Mama alizika watatu kabla yangu, akachoka kutafuta jina zuri." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Msimwambie mtu yeyote. Akija mtu wa kwetu akauliza, huyo mwambieni. Mwingine hapana." Tukaahidi. Tusajigwe alimshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, na kwa sababu nilikuwa mtoto wa chuo cha Biblia niliyefundishwa kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo, nilisema tena kwa sauti, peke yangu: "Akija mtu wa kwenu akauliza. Mwingine hapana." Alifariki siku ya pili kabla ya chakula cha mchana.

Wenzake walikuja kumchukua, wamejipanga, nyuso ngumu. Walitaka kumzika siku ileile kwa heshima yao ya kijeshi. Lakini kijiji kilikuwa kimeshakuja, kwa kuwa kwetu msiba hauhitaji mwaliko, na mbele yao alikuwepo Bibi Sekalinga, mwanamke mfupi aliyezika waume wawili na kuheshimiwa kuliko mwenyekiti. Aliweka mkeka chini mbele ya mlango wa wodi, akauliza, "Mfiwa ni nani?"

Kamanda akasema, "Mama, sisi sote ni wafiwa."

"Sote ni hakuna mtu," alisema Bibi Sekalinga. "Namwulizia wa kukaa hapa. Mama yake? Dada? Mke? Mtu wa kupewa pole. Watu wamekuja na pole zao, wampe nani? Huu mkeka?"

"Ndugu zake wako mbali."

"Basi atangoja. Hapa hatufukii mtu kama mbegu ya mahindi."

Ulikuwa ubishi wa kweli, si mchezo. Kamanda alikuwa na amri zake, na Bibi Sekalinga alikuwa na za kwake, za zamani zaidi. Vijana wale waliozoea kukimbia milima walikuwa wamesimama hawajui waweke wapi mikono. Nilitazama mkeka mtupu. Nilifikiri: kati ya watu wote walio hapa, ni sisi wawili tu tunaojua wanayemzika ni nani. Tusajigwe alikuwa amevaa sare ya kazi, ana wagonjwa wawili ndani. Nikavua viatu, nikakaa. Nikanyoosha miguu. Bibi Sekalinga hakuniuliza chochote. Alinifunga kitambaa kichwani, akakaa nyuma yangu, akapaza kilio, na kina mama wote wakaitikia. Walikuja mmoja mmoja, wakainama, wakanishika mkono. "Pole, dada." Kamanda naye akaja, akavua kofia, akainama. "Pole, dada yetu." Nililia. Nilianza kwa utii, nikaendelea kwa kweli. Baada ya siku tatu Bibi Sekalinga alininyoa nywele kama ndugu wa damu, na mchungaji alipokuja mwisho wa mwezi akaniona na kichwa cheupe akaniuliza ni nani amekufa kwetu. Nilimjibu, kaka yangu. Sikuona kwamba nimesema uongo, na mpaka leo sioni.

Kaburi lake ni la tatu kutoka kwenye mkaratusi uliopo juu ya kambi. Waliandika "Komredi Pamoja" kwenye ubao, na baadaye, serikali ilipoamua pahifadhiwe, wakaandika hivyohivyo kwenye saruji.

Nchi yao ilipopata uhuru, mimi nilikuwa nimeshaolewa na mwinjilisti, tunaishi mjini, mtaa wa Kihesa, na Tusajigwe amerudi Mbeya. Alinitembelea mwaka huo. Tulikuwa tunachambua mchicha sebuleni kwangu, redio imefunguliwa, akasema, "Yustina, sasa tuseme. Vita imekwisha. Twende tukawaambie waandike jina lake."

Nikamwambia, "Amekuja mtu wa kwao kuuliza?"

"Hajaja. Wangejuaje pa kuja?"

"Basi bado."

"Dada, ahadi si jeneza," alisema. "Hatukuambiwa tumfungie humo."

Nilimjibu kwa ukali, nakiri. Nilimwambia neno ni neno, na mtu anayechagua wakati wa kulitimiza ameshalivunja. Alichambua mchicha mpaka ukaisha, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyekalia mkeka." Hakulitaja tena jambo hilo, na hakumwambia mtu. Aliheshimu ukaidi wangu kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Miaka ya karibuni alikuja kijana mmoja kutoka Dar es Salaam na kinasa sauti, anakusanya habari za kambi. Nilimpa chai na maandazi, nikamweleza habari za baridi, nyimbo za alfajiri, na yule aliyepigia mgomba saluti. Akauliza kama namjua yeyote kwa jina lake halisi. Nilimtazama. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye adabu, lakini hakuwa mtu wa kwao. Nikamwambia, karibu chai nyingine.

Huu ndio mzigo niliokuwa nao mkekani Mbeya. Nilimwomba Mungu anionyeshe kama uaminifu wangu ulikuwa uaminifu au kiburi kilichovaa kanzu ya uaminifu. Hakunijibu pale. Nimejifunza kungoja. Lakini wiki iliyofuata nilimwambia mjukuu wangu Neema, anayefundisha shule Mlandege na ana gari dogo, anipeleke kambini Jumamosi. Nilikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimeamua kuivunja ahadi yangu mbele ya kaburi, kwa sababu mtu akibaki peke yake na jina, kesho hakuna jina.

Tulipanda milima na ukungu ukatupokea palepale ulipotupokea zamani. Zahanati haipo tena, pamepandwa miti. Kambi imepigwa chokaa. Langoni alikuwepo mtu wa makamo, Festo, mtunza kambi, amevaa koti zito na ana daftari kubwa mezani.

"Kamwene, Bibi. Karibuni. Kwanza tuandike kitabu cha wageni."

"Mwanangu, mimi si mgeni hapa."

"Kila mtu anaandika, Bibi. Hata mkuu wa wilaya aliandika." Akanifungulia. "Jina, unakotoka, simu, lengo la ziara, maoni."

"Lengo niandike nini?"

"Andika utalii. Wote wanaandika utalii."

Neema akacheka. Mimi sikuweza kuandika utalii. Nilibaki na kalamu mkononi, nikaanza kufunua kurasa za nyuma ili kupata muda, nikiona utalii, utalii, ziara ya shule, utalii. Macho yangu hayasomi vizuri herufi ndogo, lakini kuna herufi sita ambazo ningezisoma hata gizani. Zilikuwa katikati ya sentensi ya Kiingereza, mwandiko wa mtu mzee, umeinama kulia. Nikamwomba Neema anisomee. Akasoma kimya kwanza, halafu kwa Kiswahili: "Nimekuja kumtafuta kaka yangu Tapera. Hayumo kati ya majina. Asanteni kwa kutunza mahali hapa vizuri."

Nikamwuliza Festo lini. Akatazama. Miaka sita iliyopita. "Huyo namkumbuka," alisema. "Mama mmoja kutoka Zimbabwe, alikuja na kijana wake. Alipita kila kaburi akisoma. Aliuliza watu wa kijiji, wakamwambia hapa hakuna Tapera. Akakaa chini ya mkaratusi ule kama saa nzima, wakaondoka."

Nilishika meza. Miaka sita iliyopita nilikuwa Kihesa, mwendo wa saa tatu tu kutoka hapo, ninakaa barazani nangoja mtu wa kwao aje aulize. Alikuja. Aliuliza. Aliwauliza watu wote isipokuwa wawili, kwa sababu hao wawili walikuwa wamelificha jina vizuri mno hata hakuna aliyejua kwamba kuna wa kuulizwa. Akakaa hatua chache kutoka kwa kaka yake, akarudi nyumbani. Nilimsikia Tusajigwe waziwazi, kama sauti ile ya asubuhi kutoka ndani ya ukungu: ahadi si jeneza. Nikamwambia kimoyomoyo, ulikuwa sahihi, dada, nisamehe.

"Bibi, kaa kwanza," alisema Neema.

"Sikai hapa. Hapo pameandikwa simu?"

Palikuwa na namba. Neema alijaribu, simu ikakataa. Festo akasema, "Mtandao hapa haushiki. Unashika kule juu, makaburini tu." Hakuona la ajabu katika hilo, ndivyo ilivyo kila siku kwake. Tukapanda, Neema amenishika kiwiko, Festo mbele na daftari lake kifuani. Makaburi ni meupe, yamepangwa kama vitanda vya bweni. Nilihesabu kutoka kwenye mkaratusi: moja, mbili, tatu. Nikavua khanga yangu ya juu nikaitandika kwenye majani yaliyolowa, nikavua viatu, nikakaa na kunyoosha miguu. Goti lilipiga kelele lakini lilikubali.

Neema alipiga. Ikaita muda mrefu. Akapokea kijana, wakazungumza Kiingereza, Neema akieleza polepole, mara mbili, mara tatu, na nikasikia upande wa pili kijana anaita mtu kwa nguvu ndani ya nyumba. Mlango. Kiti kikiburutwa. Neema akaniwekea simu sikioni. "Ni dada yake, Bibi. Yupo. Hajui Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha kuandika zaidi kuliko kusema."

Nami sina Kiingereza, na lugha yao niliisikia tu kupitia nyufa za ukuta. Nilisikia pumzi ya mwanamke mzee kama mimi. Alisema neno moja, nalo lilikuwa swali. Lugha zote huinua sauti mahali hapo.

"Tapera?"

Mtu wa kwao alikuwa ameuliza. Kwa mara ya kwanza tangu mchana ule wa ukungu nikalitamka kwa mtu mwingine, mkono wangu ukiwa juu ya saruji. "Tapera," nilisema.

"Tapera?"

"Tapera. Yupo hapa. Tapera."

Tuliendelea hivyo, yeye na mimi, sijui mara ngapi, maana hatukuwa na neno lingine la kupeana. Kisha akalia. Alilia kama anavyolia mtu aliyengoja ruhusa, na kilio kile nilikijua, hakihitaji mkalimani. Neema alikuwa analia pia, na Festo alikuwa amevua kofia. Mimi sikulia. Nilifanya kile ambacho Bibi Sekalinga angeniambia nifanye kama angekuwepo: nikaiweka simu chini juu ya khanga, sauti yake ikitoka wazi hewani, nikasogea pembeni, nikamwachia mfiwa mwenyewe nafasi ya katikati. Halafu nikainama, nikampa pole.